Mwani wa Kahawia Kwenye Tangi Dogo la Samaki: Namna ya Kuuondoa Usirudi

Anayelalamika kuhusu mwani wa kahawia si mvivu. Mara nyingi ameshamwaga maji yote, amesugua vioo vikang'aa, ameosha changarawe kwa maji ya bomba na kulikamua chujio hadi likawa jeupe. Tangi likapendeza siku mbili tatu. Kisha utando ukarudi, safari hii mzito kuliko mwanzo, na samaki wakaanza kupanda juu kutafuta hewa.

Usafi huo ndio unaourudisha. Mwani wa kahawia hustawi kwenye tangi changa, lisilo na bakteria wa kutosha wala mimea iliyoshika mizizi. Ukiosha kila kitu kwa mpigo, unalirudisha tangi siku yake ya kwanza, na mwani nao unaanza upya. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinakwenda polepole: mwani utoke, bakteria wabaki. Zimepangwa kwa tangi la maji yasiyo na chumvi, la lita 20 hadi 60 hivi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, moja ya maji machafu na nyingine ya maji mapya. Ziwekee alama, zisije zikatumika kufulia.
- Mpira wa kunyonyea maji wenye upana wa sentimita 1 hivi. Mnene zaidi ya huo utalikausha tangi dogo kabla hujamaliza kazi.
- Sponji mpya isiyotiwa dawa yoyote, au sumaku ya kusugulia kioo.
- Mswaki mpya laini, na kipande cha uzi au mpira mwembamba wa kufungia.
- Kadi ngumu ya plastiki ya kukwangulia pembeni.
- Dawa ya kuondoa klorini kwenye maji.
- Vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha asidi ya maji). Vya matone huaminika kuliko vya karatasi.
- Kipimajoto.
- Swichi ya saa ya kuwasha na kuzima taa yenyewe.

Sabuni haimo, hata tone. Mabaki yake huumiza matamvua ya samaki, na huwezi kuyaona kwa macho.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mwani wa kahawia kweli

Pitisha kidole kwenye kioo, ndani ya maji. Kama utando unatoka bila kubishana, unaacha njia safi na kidole kinabaki na vumbi laini la kahawia, huyo ndiye. Ni diatomu, viumbe vya seli moja vinavyojijengea ganda la silika. Huishi kwa silikati iliyoyeyuka majini, nitrati na fosfeti, na mwanga hafifu huwatosha.

Wasiochunguza huishia kutibu ugonjwa mwingine. Madoa ya kijani yaliyoganda kama rangi, yasiyotoka bila kukwanguliwa, ni mwani wa kijani. Vishungi vyeusi vilivyong'ang'ania kingo za majani ni mwani mwekundu, ingawa kwa macho ni mweusi, na huo una tiba yake. Utando wa kijani-samawati wenye utelezi na harufu mbaya, unaobanduka kama shuka, si mwani kabisa, ni bakteria. Na kama kioo ni safi ila maji yenyewe yana rangi ya chai, tazama gogo ulilotia ndani: linatoa rangi yake, na haidhuru samaki.

Uliza pia umri wa tangi. Likiwa kati ya wiki ya pili na ya nane tangu lijazwe maji, mwani wa kahawia ni jambo la kawaida. Likiwa na mwaka, kuna kitu kimeharibika, na utakitafuta kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Pima maji kabla ya kugusa chochote

Pima kwanza, kwa sababu ukishabadilisha maji utakuwa umefuta ushahidi.

Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa 0. Zikisoma zaidi ya hapo, bakteria wa chujio bado hawajatosha. Kazi yao ni kugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi nane kujijenga. Katika hali hiyo usiongeze samaki, punguza chakula, na badilisha maji kidogo kila siku hadi vipimo vishuke. Mwani uache usubiri.

Nitrati ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, uko pazuri. Ikipita 40, chakula ni kingi, samaki ni wengi, au maji hayabadilishwi.

Pima na maji ya bomba au ya kisima unayotumia. Wengi huruka hapa, kisha wanashangaa kwa nini kila wanapobadilisha maji mwani unaongezeka. Kama chanzo chenyewe kina nitrati nyingi, kila ndoo unayomimina ni mbolea.

Onyo kwa tangi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji. Linganisha pH ya tangi na ya maji mapya. Ikiwa ya tangi imeshuka sana, tuseme 6 wakati ya bomba ni 7.5, na kipimo kinaonyesha amonia, usibadilishe maji mengi kwa mara moja. Kwenye maji yenye asidi, sehemu kubwa ya amonia hukaa katika umbo la amoniamu lisilo na sumu kali. Maji mapya yakiipandisha pH ghafla, amoniamu hiyo hugeuka amonia kali, na samaki waliokuwa wazima asubuhi hufa jioni. Badilisha asilimia 10 tu kwa siku hadi pH mbili zikaribiane.

## Hatua ya 3: Andaa maji mapya

Jua kwanza tangi lako linachukua lita ngapi. Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 40 kwa 25, lenye kina cha maji cha 25, ni lita 25. Toa nafasi ya changarawe na mapambo, unabaki na lita 21 hivi. Robo yake ni lita 5 na kidogo, yaani nusu ya ndoo ya lita 10. Hayo ndiyo maji ya kubadilisha kwa siku ya usafi, robo hadi theluthi. Usizidishe.

Tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wengine huacha maji wazi usiku kucha ili klorini ipae, na kwa klorini ya kawaida njia hiyo inafanya kazi, hasa ukiweka pampu ya hewa. Lakini mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini, ambayo haipai kwa kulazwa hivyo. Kama hujui maji yako yametiwa kipi, tia dawa.

Joto la maji mapya lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 1 au 2. Tumia kipimajoto, mkono hudanganya.

Utajua umefanya vizuri ikiwa ndoo imejaa, imetiwa dawa na joto limelingana kabla hujachovya mkono kwenye tangi. Anayeanza kuandaa maji wakati samaki wameshabaki na kina cha kiganja hufanya haraka, na haraka hiyo ndiyo huleta makosa.

## Hatua ya 4: Sugua na nyonya kwa wakati mmoja

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo twende taratibu.

Chomoa hita na pampu kwenye umeme. Hita iliyowaka ikibaki nje ya maji hupasuka, na mkono ndani ya maji yenye kifaa cha umeme kibovu ni hatari kwako. Hita ikizimwa, ipe dakika 15 ipoe kabla ya kushusha maji.

Toa mapambo yanayotoka kwa urahisi. Chota maji ya tangi kwenye ndoo ya maji machafu na uyasugue humo kwa mswaki. Usiyapeleke bombani: bakteria wanaishi juu yake pia, na klorini huwaua. Mapambo ya plastiki yaliyogandiwa sana unaweza kuyaloweka kwenye dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kipimo 1 kwa vipimo 20 vya maji, kwa dakika chache, lakini yasuuze, yaloweke kwenye maji yenye dozi nzito ya dawa ya kuondoa klorini, kisha yakauke kabisa hadi harufu iishe. Magogo na mawe yenye vitundu yasiguse klorini, kwa sababu huinyonya na kuitoa baadaye. Na klorini isichanganywe na siki. Hutoa gesi ya sumu.

Sasa kioo. Funga ncha ya mpira wa kunyonyea kwenye mswaki, mdomo wa mpira ukae karibu kabisa na brashi, halafu anzisha mtiririko kwenda ndooni. Kila unachokisugua kinavutwa kabla hakijasambaa. Diatomu waliobanduliwa wakaachwa waelee hawajafa. Watatua kwenye jani au jiwe la pili na kuendelea. Na wanaokufa humo humo huyarudishia maji nitrati na fosfeti walizokuwa wamezishika. Kusugua bila kunyonya ni kuhamisha mwani, na nadhani hii pekee inaeleza nusu ya malalamiko yote.

Anza juu ya kioo ukishuka chini. Mtiririko ukiwa wa kasi, ubane mpira kwa vidole, maana lita 5 huisha upesi. Kwenye pembe tumia kadi ya plastiki. Unapokaribia changarawe inua sponji: chembe moja ya mchanga ikinaswa kati ya sponji na kioo itachora mstari usiofutika. Kama tangi ni la akriliki (plastiki angavu) badala ya kioo, wembe na upande mgumu wa sponji visiliguse kabisa.

Majani ya mimea yashike kwa chini kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine yapitishe katikati ya vidole viwili kuelekea ncha. Jani lililofunikwa lote na kuanza kuoza likate. Halitapona, na likioza linakuwa chakula cha mwani.

Malizia sakafu, ila nusu yake tu leo. Zamisha mpira kwenye changarawe kwa sentimita 2 au 3, uchafu unyanyuke, sogea. Kwenye mchanga laini usizamishe. Pitisha mdomo wa mpira sentimita moja juu yake. Nusu nyingine isubiri wiki ijayo, kwa sababu bakteria wengi wako humo.

Mimina maji mapya polepole juu ya sahani au kiganja ili yasichimbe changarawe. Maji yakishafunika hita, washa umeme.

Utajua umefanya vizuri ikiwa maji yana ukungu kidogo unaotakata ndani ya saa chache na samaki wanakula kama kawaida siku hiyo hiyo. Wakipanda juu kutafuta hewa, pima amonia papo hapo.

## Hatua ya 5: Chujio lingoje wiki moja

Usisafishe chujio siku uliyonyonya changarawe. Ukipunguza bakteria sehemu zote mbili kwa mpigo, amonia hupanda.

Wiki inayofuata, siku ambayo hunyonyi changarawe, toa sponji ya chujio uikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo yenye maji ya tangi. Itabaki ya kahawia, na ndivyo inavyotakiwa. Unachotaka ni maji yapite, haihitaji kung'aa. Usibadilishe vichujio vyote kwa siku moja hata kama maelezo ya kiwandani yanasema hivyo kila mwezi. Kimoja kikichakaa, badilisha hicho, kingine kibaki.

## Hatua ya 6: Panga mwanga

Kuna ushauri wa aina mbili unaozunguka, na zote mbili husomwa vibaya. Wa kwanza ni kufunika tangi kwa blanketi siku tatu. Njia hiyo husaidia kwa maji yaliyogeuka kijani na kwa ule utando wa kijani-samawati. Diatomu wanavumilia giza kuliko mimea yako, hivyo unaowadhoofisha ni washindani wao. Wa pili ni kuongeza taa. Mwanga zaidi husaidia tu kama ndani kuna mimea ya kutosha kuutumia; vinginevyo utaondoa wa kahawia na kukaribisha wa kijani.

Weka swichi ya saa iwashe taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Tangi lisilo na mimea hai lipewe muda wa saa 6. Jua la dirishani lisilipige moja kwa moja.

## Hatua ya 7: Punguza chakula, ongeza mimea

Lisha kinachoisha ndani ya dakika 2, mara moja au mbili kwa siku. Siku moja kwa wiki usilishe; samaki wazima wenye afya hawadhuriki. Punje zilizotua chini zinyonye. Samaki huomba chakula kila wamwonapo mtu, kwa hiyo kuomba kwao si kipimo cha njaa.

Mimea inayokua haraka hunyang'anya mwani nitrati, fosfeti na amonia. Ceratophyllum, Vallisneria na Hygrophila hufaa kwa mwanzilishi. Anubias ni mzuri lakini hukua polepole mno, na majani yake ndiyo ya kwanza kupakwa kahawia, kwa hiyo uweke kwenye kivuli.

Onyo: mimea unayopunguza ikaushe na kuitupa jaani. Usiitupe mtoni wala mtaroni, kwa sababu mingi huota na kuvamia maji ya asili.

## Hatua ya 8: Walaji, baada ya tangi kutulia

Konokono wa aina ya nerita ndiye mfanyakazi bora kwa tangi dogo. Husaga utando wa kioo siku nzima, na hawezi kukujazia tangi watoto kwa sababu mayai yake hayakui kwenye maji yasiyo na chumvi. Atakuachia vidoa vyeupe vya mayai juu ya mawe, hiyo ndiyo gharama yake. Funika tangi, maana hupanda na kutoka. Mmoja kwa kila lita 15 hadi 20 anatosha.

Samaki mdogo aitwaye Otocinclus, ndugu wa kambare, anaupenda mwani huu kuliko karibu kila chakula. Lakini ni dhaifu. Hutakiwa kuishi kwa kundi la sita hivi, kwenye tangi la lita 60 lililotulia miezi kadhaa, na mwani ukiisha lazima alishwe mboga kama tango au boga lililochemshwa kidogo. Anayemtia kwenye tangi la wiki tatu ili asafishe, humzika. Uduvi wa Amano husaidia kwa mabaki ya chakula na mwani wa nyuzi zaidi ya utando wa kioo.

Yule kambare mkubwa wa kunyonya kioo anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, mwache dukani. Hufika sentimita 30 na zaidi, na kinyesi chake kitalisha mwani mwingi kuliko atakaoula.

## Hatua ya 9: Rudia kila wiki, na jua cha kutarajia

Kila wiki: pima nitrati, sugua na nyonya kwa pamoja, badilisha robo ya maji, nusu ya sakafu kwa zamu. Chujio likamuliwe pale tu mtiririko unapopungua.

Baada ya usafi wa kwanza, utando utarudi ndani ya siku chache. Usitaharuki wala usiharakishe usafi wa pili. Angalia unene wake. Ukiwa mwembamba kuliko uliopita, unashinda. Kwenye tangi changa, silikati iliyokuwemo huliwa ikapungua, bakteria na mimea hushika nafasi, na utando huanza kubaki pembeni tu na nyuma ya hita. Kisha vidoa vichache vya kijani hutokea. Hiyo ni dalili njema, tangi linakua.

## Kama miezi miwili imepita na bado upo

Kwanza, jiulize kama unajazia tu maji yanayopungua badala ya kubadilisha. Maji yanapopaa huacha madini yote nyuma, nawe unaongeza mengine juu yake. Silikati na nitrati hujilimbikiza hivyo wiki kwa wiki bila wewe kukosea kitu kingine chochote. Badilisha robo kwanza, kisha jazia.

Pili, sasa ndipo kipimo cha silikati kina maana. Pima maji ya chanzo. Yakiwa na silikati nyingi, kusugua hakutaisha, na una njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya maji ya chanzo na yaliyochujwa kwa osmosi ya kinyume (yaliyopitishwa kwenye utando unaoondoa karibu madini yote), nusu kwa nusu. Usitumie ya osmosi matupu bila kuyarudishia madini, kwa sababu hayana kinga ya kuizuia pH isiyumbe, na konokono watakosa kalisi ya kujenga ganda. Badilisha uwiano huo taratibu kwa wiki kadhaa ili samaki wazoee.

Njia ya pili ni punje za oksidi ya chuma, zinazowekwa kwenye kifuko ndani ya chujio. Hushika fosfeti pamoja na silikati. Zisuuze kwanza hadi vumbi jekundu liishe, na anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa, kwa sababu kwenye tangi dogo huivuta fosfeti haraka kiasi cha kuinyima mimea.

Dawa za kuua mwani sizishauri kwa tatizo hili. Baadhi zina shaba, ambayo huua konokono na uduvi, na mwani ukifa wote kwa siku moja huoza na kumaliza oksijeni majini. Silikati inabaki pale pale, kwa hiyo utainunua dawa tena.

Punje za chuma nazo huchoka. Pima silikati kila wiki mbili. Ikianza kupanda tena, toa kifuko, tia kipya.